Esteri na Baiskeli Nene

Siku Leonidasi alipokuja kuichukua baiskeli, Esteri alikuwa bado amejifunga kitambaa cha msiba, na mikeka ya waombolezaji haijakunjwa. Leonidasi hakuja kinyonge. Alikuja na kofia yake ya sherehe, akapita sebuleni bila hodi mpaka chumba cha nyuma, akaikuta baiskeli imefunikwa kanga kuukuu. Akaitoa nje kwa kuikamata hendeli, kama mtu anayemvuta mbuzi kwa pembe.

"Muramu," alisema, maana kijijini Kumsenga ndivyo wanavyomwita shemeji kwa Kiha, hata wakati unamnyang'anya, "chombo cha kaka yangu nakipeleka kwa ukoo."

"Kaka yako hata kuikalia hakuwahi," Esteri akamjibu. "Marehemu Stanislaus alikuwa akiiona anacheka. Hiyo nilipewa mimi."

"Ulipewa ukiwa unaishi nyumbani kwa nani?"

Esteri akakaza fundo la kitambaa chake cha msiba.

"Basi. Kilichoingia nyumba ya mwanaume ni cha ukoo wa mwanaume. Tena, nani amewahi kuona mjane juu ya baiskeli? Utalia msiba au utapiga kengele?"

Wazee wawili watatu waliobaki uani wakacheka. Esteri hakucheka wala hakulia. Aliingia jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya mihogo, na kila muhogo alioushika siku ile ulikuwa na shingo ya Leonidasi.

Sasa baiskeli yenyewe ilikuwa hivi. Miaka michache nyuma Esteri alikuwa mpishi wa watumishi wa shirika moja, kule kambi ya wakimbizi. Alikuwapo dada mmoja wa Kizungu, mrefu kama mwanzi, aliyekuwa akizunguka na baiskeli ambayo haijawahi kuonekana Kibondo nzima. Matairi yake manene kama mapaja ya mtoto aliyeshiba. Hendeli pana, zimepinda kurudi nyuma kama pembe za ng'ombe. Chuma cha katikati kimebonyea chini, mwanamke mwenye kitenge anapanda bila kuonyesha mambo yake kwa walimwengu. Na breki haikuwa mkononi, ilikuwa miguuni. Ukikanyaga mbele unakwenda, ukirudisha pedeli nyuma gurudumu la nyuma linakamatwa, unasimama. Mkataba wa yule dada ulipokwisha, alimkabidhi Esteri baiskeli mbele ya jiko zima, akamkumbatia, akalia. Esteri naye akalia kidogo kwa adabu, ila jicho moja lilikuwa kwenye baiskeli.

Mwanzoni ilimtesa. Ilimrusha kama punda mwenye wivu. Aliipeleka mjini Kibondo kwa Salumu, fundi baiskeli, naye Salumu akaijaza upepo mpaka tairi likigongwa kwa kidole linalia ngo! Huko ndivyo wanaume wanavyotaka tairi, kwa sababu baiskeli zao ni za kubebea mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, na tairi laini kwao ni aibu kama suruali iliyochanika. Esteri akarudi nayo nyumbani anarukaruka njia nzima, meno yanagongana. Kesho yake akamfuata Salumu, akamwazima spana, na hiyo spana Salumu aliiulizia mpaka akachoka kuuliza.

Akaanza kuifundisha adabu mwenyewe. Alipunguza upepo kidogo kidogo, anaipitisha kwenye mchanga, anashuka, anapunguza tena, mpaka tairi likibonyezwa kwa dole gumba likawa linabonyea kama parachichi lililoanza kuiva. Hapo baiskeli ikaacha kuruka, ikawa inatambaa juu ya mawe kama paka juu ya kitanda. Akashusha kiti mpaka kisigino kikafika vizuri kwenye pedeli, na akisimama nyayo zote mbili zinagusa ardhi. Akazungusha hendeli zikamfuata viwiko badala ya yeye kuzifuata. Akakaza cheni isilegee, maana breki ya miguu na cheni iliyolegea havisikilizani. Mwezi haukwisha, Esteri alikuwa anachukua madumu ya mawese kwenye duka la Tunu mjini, anazunguka nayo kwenye minada ya vijiji, magoti hayamuumi, shingo haimuumi. Ile baiskeli ilikuwa ndiyo miguu yake. Ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomlipia Stanislaus dawa mpaka siku ya mwisho.

Na sasa miguu ile ilikuwa imelala kwa Leonidasi.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akajikuna kidevu, akasema hayo ni mambo ya ukoo. Alikwenda kwa katekista. Katekista akamwambia amwombee shemeji yake. Esteri akamwombea. Alichomwombea hakimhusu katekista.

Kisha akarudi kubeba madumu kichwani. Siku moja amefika dukani kwa Tunu shingo imekakamaa, hawezi kugeuka, inabidi ageuke mwili mzima kama kabati. Tunu huyu ni mke wa mfanyabiashara, mzaliwa wa Kasulu mjini, mwenye ulimi uliochongwa. Mawese yake huyaagiza kutoka kwao.

"Shoga, umekuwa mnara wa simu," Tunu akasema. "Kaa chini nikukande. Huyo shemeji yako nimemwona jana anapita na baiskeli yako. Anaruka huyo! Nikadhani ana pepo."

Esteri akamshika mkono. "Anaruka?"

"Kama bisi kwenye sufuria. Kaijaza upepo huyo mpaka tairi zimetoa macho."

Esteri akainamisha kichwa akandwe shingo. Halafu likamtoka tabasamu ambalo Tunu hakulipenda.

"Esteri, unawaza nini?"

"Nawaza kuwa mtu mwema."

"Mungu wangu. Basi kuna mtu ataumia."

Kesho yake Esteri alipiga kanga safi, akabeba kifurushi cha dagaa, akaenda kumsalimia shemeji. Akamkuta uani anaifuta baiskeli kwa kitambaa, anaitazama kama bibi harusi.

"Mwakeye, muramu," Esteri akasalimia, amekunja goti kidogo.

"Mwakeye. Umekuja kuidai?"

"Kuidai? Hapana bwana, mimi nimeshanyoosha mikono. Nimekuja kuiona tu. Kweli chombo kimepata mwenyewe! Kwangu kilikuwa kimenyong'onyea kama kifaranga. Hivi umekipa nini?"

Leonidasi akavimba kidogo. "Upepo, mama. Nyie wanawake hamjui kuweka upepo."

"Si ndiyo maana! Ila hapa mbele," Esteri akabonyeza tairi lililokuwa gumu kama jiwe, "naona bado kidogo. Mtu wa hadhi yako, likigongwa linatakiwa lisikike mpaka kwa jirani."

Leonidasi akagonga kwa kidole. Akagonga tena. Akaita pampu.

Juma lililofuata Esteri akapita na mahindi ya kuchoma. "Muramu, lakini kiti! Ukikaa hapo unaonekana kama umechuchumaa. Mwanaume wa baiskeli anatakiwa aonekane kwa mbali, kichwa juu ya migomba."

"Nilitaka kukipandisha," Leonidasi akasema, na hakuwa ametaka.

"Nilijua tu. Sisi akina mama ndio tunaogusa ardhi na nyayo mbili, kama bata."

Kiti kikapanda mpaka mwisho wa chuma chake. Leonidasi akikaa juu, ardhi aliigusa kwa ncha za vidole vya mguu mmoja tu, tena akiinama. Esteri akarudi nyuma hatua chache, akakunja mikono kifuani, akamtazama kama mtu anayetazama picha ukutani.

"Yoo mawe, mama yangu we," akasema, "kama mkuu wa wilaya."

Leonidasi hakulala vizuri kwa furaha siku hiyo.

Shida yake ilikuwa moja tu, na Esteri aliijua kabla hajaambiwa. Leonidasi ujana wake wote aliumalizia juu ya baiskeli za kawaida, zile nyeusi za chuma. Hizo nyuma zina friwili, meno yanayolia unapozungusha pedeli kinyumenyume: trrrrrr! Na Kumsenga ule mlio ni salamu. Mwanaume akiingia uani kwa watu, hasa penye sherehe, wanawake humpigia vigelegele, naye hujibu kwa kurudisha pedeli nyuma, friwili inalia mpaka anasimama. Asiyejibu vigelegele huonekana hana shukrani. Leonidasi kwa hilo alikuwa bingwa. Wazee bado wanasimulia jinsi alivyoingia kwenye ubarikio wa kanisa lao akiwa ameachia hendeli zote, mikono kiunoni, miguu inachezea pedeli nyuma kama anapiga ngoma.

Sasa hii nene ilikuwa bubu. Haina friwili ya kulia. Tena ukirudisha pedeli nyuma, inasimama papo hapo.

"Hilo ndilo linaniudhi," Leonidasi alimwambia siku moja. Wakati huo alishamzoea Esteri kiasi cha kumlalamikia. "Miguu imezoea kurudi nyuma. Inabidi niikumbushe kila mahali. Nikifika kwa watu nashuka mbali, naikokota."

"Pole sana. Ila utazoea. Mtu mwenye akili kama zako, miguu itakushinda?"

"Haiwezi kunishinda."

"Haiwezi," Esteri akakubali, akainuka kuaga. Njiani alicheka peke yake mpaka akashika mti.

Mtoto wa Leonidasi, Tharsisi, alikuwa amepata mchumba kijiji cha jirani, ng'ambo ya mto. Binti anaitwa Winnie, mjukuu wa Bibi Mpawenimana, familia iliyokuja zamani kutoka Burundi na sasa ni raia kama raia wengine, wana migomba mizuri na wanafyatua matofali. Siku ya kupeleka pombe ya ndizi ukweni ilipopangwa, mvua ilikuwa imebeba daraja. Magogo mawili yalikuwa yametandikwa badala yake. Pikipiki haipiti, gari ndiyo usiseme. Ikaamuliwa msafara uende kwa baiskeli, na wanawake kwa miguu, kama enzi za mababu. Leonidasi alifurahi kupita kiasi. Baba wa bwana harusi, mbele ya msafara, juu ya chombo ambacho hakuna mwenzake!

Esteri alikuwa mke wa marehemu kaka mkubwa. Kwa heshima hiyo ndiye kiongozi wa wanawake wa upande wa mwanaume. Yeye ndiye anayeamua wimbo uanze lini, na vigelegele vipigwe wapi.

Siku mbili kabla alikwenda ng'ambo kusalimia, kama ilivyo desturi, kuwaambia wakwe kwamba wageni wanakuja. Alinywa uji kwa Bibi Mpawenimana, wakaongea. Alipotoka akasimama juu ya kilima akaiangalia njia. Ilishuka moja kwa moja mpaka uani, changarawe tupu. Mkono wa kushoto, karibu kabisa na ua, palikuwa na shimo la udongo wa matofali. Wajomba wa Winnie walikuwa wameukanyaga udongo na maji siku hiyohiyo, ukawa laini kama ugali wa wagonjwa, shimo lenyewe halifiki magotini.

Esteri akashuka mpaka pale, akachomeka fimbo, ikazama polepole. Akaitikia kwa kichwa. Hakutaka kuua mtu. Msiba wa kwanza ulishamnyang'anya baiskeli, wa pili ungemnyang'anya nini tena?

Siku yenyewe ikafika, jua zuri. Tharsisi na wenzake walipakia madumu ya pombe kwenye baiskeli zao nyeusi. Esteri alikuwa amesisitiza sana kwamba mzee asibebeshwe kitu, mzee ni wa kuonekana tu. Leonidasi alivaa suti ya kijivu, tai nyekundu, na kofia. Magogo waliyavuka wamezibeba baiskeli mabegani. Kupanda kilima wote walizikokota. Kileleni Leonidasi akajifuta jasho, akapanda juu ya jiwe ndipo akaweza kukifikia kiti.

"Muramu," Esteri akamwambia, "sisi tutatangulia na njia ya mkato, tukupokee chini pamoja na wenyeji. Hesabu kidogo ndipo ushuke. Tusikilize sisi."

"Nitawasikiliza."

"Na breki ya miguu usiisahau."

Alimwambia kweli. Baadaye aliapa mbele za watu kwamba alimwonya, na hakuna aliyeweza kumwita mwongo.

Wanawake wakashuka, wakapanga mstari kando ya njia, karibu na lile shimo. Wenyeji nao wametoka: Bibi Mpawenimana kwenye kiti, na mjomba wa binti, Nkunzimana, amesimama na shati jeupe kama msemaji wa familia. Kileleni Leonidasi akaonekana, kichwa juu ya migomba. Akaiachia baiskeli ishuke.

Tairi gumu juu ya changarawe! Baiskeli ikawa inapiga mruko, inatua, inapiga mruko. Kofia ikabaki nyuma. Lakini Leonidasi alikuwa mtu wa baiskeli, hilo hakuna wa kumnyima. Alikaza meno, akaishikilia, akaanza hata kutabasamu, maana alikuwa anaona umati unamtazama. Wanawake wakamgeukia Esteri, midomo imeshafunguka.

"Bado," Esteri akasema.

Leonidasi akapita mti wa mparachichi.

"Mama Esteri, bado?"

"Bado, nyie mna haraka gani?"

Akafika usawa wa tanuri la matofali. Sasa macho yake yalionekana, na tai imemzunguka imelala mgongoni.

"Sasa!" Esteri akasema, akaweka kiganja mdomoni.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, waliokuwa mashambani walidhani mtu kapata mapacha. Vikapanda, vikashuka, vikapanda tena, na ndani yake Esteri alitia vya kwake ambavyo alikuwa amevihifadhi tangu siku ya msiba. Na Leonidasi, baba wa bwana harusi, bingwa wa Kumsenga, kifua kikatanuka. Akaachia hendeli moja, akainua mkono kupungia. Miguu ikakumbuka ujana wake. Ikarudi nyuma kujibu vigelegele.

Hapakuwa na trrr. Palikuwa na kwaru! moja tu. Gurudumu la nyuma likakamatwa, likateleza juu ya changarawe, baiskeli ikageuka ubavu. Leonidasi akatafuta ardhi kwa mguu, na ardhi ilikuwa mbali, kiti kilikuwa juu. Akaelea. Akaingia kwenye udongo wa matofali kwa kifua na uso, pwaaa, mikono mbele kama anayesujudu.

Vigelegele vikakatika. Kuku mmoja akaendelea.

Leonidasi akajiinua. Huwezi kusema suti ilikuwa ya rangi gani. Uso wote mwekundu, macho mawili tu yanapepesa, na udongo unamdondoka puani taratibu kama asali. Akajaribu kukanyaga, kifundo kikamkataa, akakaa tena humohumo.

Bibi Mpawenimana ndiye aliyeanza. Aliinamia fimbo yake, mabega yanatikisika, hana sauti. Kisha akaipata. "Jamani, mkwe wetu! Tungekuletea udongo kwenye sinia, kwa nini ujisumbue?"

Hapo umati ukavunjika mbavu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Tharsisi mwenyewe aligeukia upande wa migomba, Winnie akajificha ndani ya kanga. Esteri hakucheka. Alisimama amekunja mikono, uso wa kanisani, maana mwenye kisasi chake hana haja ya kukimaliza kwa kucheka mara moja.

Nkunzimana, mtu mwenye adabu, akajaribu kuokoa heshima ya mgeni. Akamshika mkono kumtoa shimoni. "Pole, mzee wangu. Pole sana. Sasa baiskeli yako hii imekuwaje tena?"

Na Leonidasi, mbele ya wakwe, mbele ya mwanawe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji aliyekuja na msafara kwa ajili ya pombe, akaona mlango mmoja tu wa kutokea aibu. Akaukimbilia.

"Hii?" akasema, anatema udongo. "Hii si baiskeli yangu! Mimi nina baiskeli kama hii? Midude ya kike isiyo na breki! Hii ni ya huyu shemeji yangu, ameniazima tu. Yake! Mwulizeni yeye!"

Esteri akasogea mbele, taratibu, kama mtu anayemkaribia kuku asimtoroke.

"Sikusikia vizuri, muramu. Masikio ya uzee. Ni ya nani?"

"Ni yako! Yako mwenyewe, nani mwingine ana kituko kama hiki?"

"Si ya ukoo?"

Leonidasi akafungua mdomo. Akamtazama Esteri, na pale ndipo alipoona. Aliona dagaa, aliona mahindi ya kuchoma, aliona "kama mkuu wa wilaya". Aliona yote kwa mara moja. Lakini wakwe walikuwa wanasubiri jibu, na angesema nini? Kwamba amemnyang'anya mjane, ndipo akaanguka nayo?

"Si ya ukoo," akasema kwa sauti ndogo.

"Mwenyekiti," Esteri akageuka, "umesikia mambo ya ukoo?"

Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Nimesikia."

"Asante. Bibi, nawe umesikia?"

"Nimesikia mpaka nimeshiba," Bibi Mpawenimana akasema, anafuta machozi. "Mwogesheni mkwe, pombe isiharibike."

Wakamwosha kwa ndoo nyuma ya nyumba, wakampa kikoi cha Nkunzimana, maneno yakaendelea. Mahari ilikubaliwa bila ubishi. Upande wa binti walikuwa wamefurahi mno hata wakasahau kubisha. Tharsisi akapata mke wake, na hilo Esteri alilitaka pia, kijana hakuwa na kosa. Leonidasi aliongea maneno machache kuliko baba yeyote wa bwana harusi aliyewahi kusikika. Alikaa na mguu juu ya kigoda, umevimba, anaomba dunia impasukie.

Wakati huo Esteri alikuwa nje na spana yake, ambayo aliileta kwenye kapu chini ya zawadi. Alimwaga maji kwenye cheni, akaisugua, akashusha kiti, akazungusha hendeli zikae. Akabonyeza vali ya tairi kwa kijiti, upepo ukatoka tsssss, polepole, na yeye amefumba macho anausikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.

Jua lilipoanza kupungua makali, Leonidasi akataka kuondoka. Hakuweza kuvumilia tena yale macho. Lakini vijana wake wote walikuwa kwenye pombe na ngoma, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha. Pikipiki haziwezi kuvuka. Kutembea hawezi. Akabaki anaangalia huku na huku, mpaka Esteri akaisogeza baiskeli mbele yake, akapiga kiganja juu ya keria.

"Panda, muramu."

"Nipande? Mimi? Nyuma ya mwanamke?"

"Basi lala hapa ukweni. Bibi Mpawenimana atakukanda hicho kifundo. Ana maneno mengi ya kukuambia bado."

Leonidasi akasikia kicheko cha bibi kikitoka ndani. Akapanda.

"Ushike chini ya kiti," Esteri akamwambia, "usinishike mimi, mimi ni shemeji yako. Na miguu yako iweke mbali na pedeli. Tumeshaiona kazi yake."

Wakaenda. Kwenye mlima Leonidasi alishuka akarukaruka kwa mguu mmoja huku akiegemea keria, kwenye magogo vijana wawili waliokuwa wakioga mtoni walimvusha mgongoni kama gunia, na hao nao walitaka wasimuliwe imekuwaje. Esteri akawasimulia, hakuruka kitu. Baada ya hapo njia ikawa tambarare na baiskeli ikawa inatambaa, laini, haina hata mlio, na Leonidasi kwenye keria na kikoi cha watu, nywele zimekauka na udongo zimesimama.

Walipofika njia panda akanyoosha kidole. "Kata huku, muramu. Hii inapita nyuma ya mashamba, hakuna watu."

"Huko kuna miiba."

"Hakuna miiba! Mimi nimezaliwa hapa!"

"Tairi zangu ni nene lakini zina moyo mwepesi," Esteri akasema, akakata kulia, njia ya sokoni.

Ilikuwa siku ya soko. Kumsenga nzima ilikuwa pale, na waliokuja na mali kutoka Gwarama, na Tunu mwenyewe ameleta mawese. Habari kuhusu shimo ilikuwa imeshawatangulia. Habari haihitaji daraja. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, wanaacha mizani inaning'inia.

"Muramu," Leonidasi akanong'ona mgongoni kwake, "nakuomba. Ongeza mwendo."

"Chombo cha kike, bwana, hakina mwendo."

Tunu akashika kiuno. "Esteri! Mbona leo umepakia dumu lililopasuka?"

Soko likaangua kicheko. Leonidasi akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Na Esteri, badala ya kupita, akarudisha pedeli nyuma kidogo tu, kwa kisigino, kama anayeaga mtoto aliyelala. Baiskeli ikasimama bila hata kutikisika, katikati kabisa ya soko. Akashuka, akaiegemeza kwenye nguzo ya kibanda cha nyanya pamoja na mzigo wake, ambao haukuweza kushuka wala kukimbia.

"Unakwenda wapi?" Leonidasi akauliza, sauti imekwisha.

"Nimekumbuka sina mboga," Esteri akasema.

Akainama kwenye fungu la nyanya, akaanza kuchagua. Aliinua moja, akaigeuza juani, akairudisha. Akainua nyingine, akainusa. Akamuuliza mwenye nyanya habari za mama yake, na mama mdogo, na yule mtoto aliyekuwa na kikohozi. Kisha akauliza bei ya bamia, ambayo hajawahi kuipenda maishani mwake, na bei ya sabuni, na bei ya kamba ya kufungia mbuzi wakati mbuzi hana, na kila alipopewa bei alisema ni ghali, akaomba apunguziwe, akarudi kuanza na nyanya upya.